Jinsi ya Kutazama Chapa na Michoro ya Millet Kuhusu Maisha ya Kijijini

Katika chapa moja ndogo ya mwaka 1861, yaani picha iliyopigwa kwa wino kutoka kwenye bamba, mama ameketi, mtoto mchanga yuko mapajani, kijiko kiko mkononi, na midomo ya mama imekusanyika kwa sababu anaupuliza uji upoe kabla ya kumlisha mwanawe. Chapa hiyo inaitwa La Bouillie, yaani Uji, na mchoraji wake ni Mfaransa Jean-François Millet. Aliyekulia katika nyumba inayopika uji huielewa papo hapo, na kwa kuwa huielewa papo hapo, huipita upesi bila kujiuliza ni mistari mingapi midogo imetumika kuifanya midomo ile ionekane inapuliza.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kukaa na picha za namna hiyo kwa muda, kuelewa zilivyotengenezwa, na hatimaye kujaribu mwenyewe kuchora na kuchapa kazi za kijijini kwake. Mimi hufundisha vijana uchoraji, na kwa miaka mingi nimezitumia picha za Millet kuliko za mchoraji mwingine yeyote wa Ulaya, kwa sababu hakuna anayenisaidia kama yeye kufundisha uzito. Beleshi lililojaa udongo lina uzito, ndoo ya maji ina uzito, na mgongo ulioinama tangu asubuhi una uzito wake pia. Millet aliuonyesha uzito huo kwa mistari meusi juu ya karatasi nyeupe, na anayejifunza kuutafuta ndani ya picha zake hupata mlango wa kuingilia katika mengine yote.

Mtu na mahali pake

Millet alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1814 huko Gruchy, kitongoji cha Gréville katika jimbo la Normandie, karibu na bahari na si mbali na mji wa Cherbourg. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza katika familia ya wakulima, akafanya kazi za shamba mpaka ujanani, kisha akajifunza kuchora Cherbourg na baadaye Paris, alikokwenda mwaka 1837. Mwaka 1849, kipindupindu kilipokuwa kimeingia Paris, alihamia na familia yake katika kijiji cha Barbizon, pembezoni mwa msitu wa Fontainebleau. Alihama pamoja na Charles Jacque, mchoraji mwenzake aliyekuwa tayari fundi wa chapa za tindikali. Huko Barbizon Millet aliishi mpaka alipofariki tarehe 20 Januari 1875.

Wengi wanamjua kwa picha zake za rangi za mafuta, hasa Les Glaneuses, yaani Waokota Masazo, ya mwaka 1857 na L'Angélus iliyofuata, ya mwanamume na mwanamke wanaosali shambani. Humu nitazigusa picha hizo pale tu zinapotusaidia kuielewa kazi yake ya karatasi, kwa maana naamini kwamba karatasi ndiyo inayoonyesha fikra zake zikiwa bado zinatembea.

Tambua kwanza ni mkono wa nani

Kabla ya kusema lolote kuhusu mstari, hakikisha unajua ni nani aliyeuchora mstari huo. Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Wakati fulani niliwaonyesha wanafunzi wangu mvunaji kutoka katika mfululizo uitwao Les Travaux des champs, yaani Kazi za Mashambani, nikausifu mbele yao mkono wa Millet uliokata mistari ile kwa uthabiti mkubwa. Baada ya somo nilikuja kutambua kwamba Millet alichora tu, na aliyekata mistari kwenye ubao ni mchonga mbao Adrien Lavieille. Mfululizo huo wa picha 10 ulichapishwa katika gazeti la L'Illustration mwaka 1853, na humo yumo mfunga miganda, mpuraji, mkata manyoya ya kondoo na wengineo. Niliporudi darasani nilianza kwa kusahihisha kosa langu, na tangu siku hiyo hili ndilo somo la kwanza.

Kazi za karatasi za Millet unazoweza kukutana nazo ni za aina nne. Ya kwanza ni michoro ya mkono, iliyochorwa kwa mkaa, kwa chaki nyeusi au kwa pasteli, yaani vijiti laini vya rangi. Kila mmoja ni wa pekee na umebaki jinsi mkono wake ulivyouacha.

Aina ya pili ni chapa za tindikali, ambazo idadi yake inakaribia 20, na nyingi zilitengenezwa kati ya mwaka 1855 na 1863. Bamba la shaba hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami, kisha mchoraji huchora kwa sindano akiondoa nta peke yake bila kuichimba shaba. Bamba hutumbukizwa katika tindikali, nayo hula shaba pale tu ilipokosa kinga ya nta, na kadiri linavyokaa humo ndivyo mstari unavyozidi kuingia chini na ndivyo utakavyokuwa mweusi kwenye karatasi. Baadaye nta huondolewa, wino husuguliwa mpaka uingie katika vifereji vile, uso wa bamba hupanguswa, karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, na vyote hupitishwa katika mashine ya kugandamiza. Karatasi laini huingia ndani ya vifereji kuufuata wino. Kwa kuwa sindano hupita juu ya nta kwa wepesi kama kalamu, mstari wa tindikali hutetemeka, hupinda na kurudi kwa uhuru ambao huwezi kuupata katika ubao.

Jambo moja linalosahaulika ni kwamba picha hutoka kinyume. Mkono wa kulia kwenye bamba huwa wa kushoto kwenye karatasi, na mchoraji anayetaka jina lake lisomeke lazima aliandike kinyumenyume. Unapoona mfanyakazi anayetumia kifaa kwa mkono usio wa kawaida, jiulize kama ndivyo alivyokuwa au ni bamba lililomgeuza.

Aina ya tatu ni hizo chapa za ubao, zilizochongwa na watu wengine kwa kufuata michoro ya Millet. Mchonga mbao huondoa sehemu zinazotakiwa kubaki nyeupe, na mistari inayobaki imeinuka ndiyo inayopokea wino, sawa na herufi za matbaa. Ndiyo maana magazeti yalizipenda, maana ziliweza kupigwa chapa pamoja na maneno kwa mkupuo mmoja. Mistari yake huwa imepangika, aghalabu ina unene unaokwenda kwa utaratibu, na kwenye pembe mara nyingi utaona jina la mchongaji. Usizidharau hata kidogo. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa Saint-Rémy huko Ufaransa mwaka 1889, alizitumia chapa hizi za Kazi za Mashambani kutengeneza picha zake za rangi, akaielezea kazi hiyo kama tafsiri kutoka lugha ya weusi na weupe kwenda lugha ya rangi. Ila ukitaka kusema kitu kuhusu vidole vya Millet mwenyewe, rudi kwenye tindikali na kwenye michoro.

Aina ya nne ni nadra: picha mbili za mwaka 1862 zilizotengenezwa kwa kukwaruza kioo kilichopakwa rangi na kukilaza juu ya karatasi inayobadilika kwa mwanga, kama ile ya wapiga picha. Mojawapo ni La Précaution maternelle. Vioo hivyo vilitumika tena kutoa nakala mwaka 1921, miaka mingi baada ya kifo chake, na kwa hiyo anayeuziwa nakala anapaswa kuuliza ni ya lini.

Niongeze neno kwa anayefikiria kununua, ingawa si lengo letu hapa. Millet hakutengeneza chapa ya tindikali ya L'Angélus. Zilizopo ni kazi za wachapaji wengine walioiga picha yake. Chapa halisi ya tindikali huacha alama ya kingo za bamba, yaani karatasi imebonyea kuizunguka picha, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia mistari yake ni ya wino mzima. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni picha ya kitabu au ya kalenda. Fahamu pia kwamba mabamba kadhaa yaliendelea kuwepo na kutumika. Karibu na mwaka 1862 kikundi cha watu kumi kilijipanga kumlipia Millet chapa, kikataka mabamba yaharibiwe baada ya nakala chache ili thamani yake ipande, na Millet alilalamika vikali kuhusu wazo hilo la uharibifu. Mimi niko upande wake. Bamba zima lina maneno zaidi ya kusema kuliko bamba lililokatwakatwa.

Zipate kwa ukubwa wake

Si lazima usafiri. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilifungua hazina yake ya picha zisizo na hakimiliki Februari 2017; tangu hapo picha hizo hupakuliwa bila malipo. Rijksmuseum la Amsterdam na National Gallery of Art la Washington nayo hutoa picha kubwa kwa njia hiyo hiyo. Tafuta kwa jina lake kamili pamoja na jina la Kifaransa la chapa, kwa mfano Les Bêcheurs au La Baratteuse, kwa kuwa majina ya tafsiri hubadilika kutoka jumba moja hadi jingine. Ukikutana na namba inayotanguliwa na jina Delteil, usishangae: Loys Delteil aliorodhesha chapa hizi mwaka 1906, na namba zake ndizo zinazotumika mpaka leo.

Anayebahatika kusafiri aende Boston, ambako jumba la Museum of Fine Arts lilipokea mwaka 1917 mkusanyiko mkubwa wa kazi za Millet uliokuwa wa Quincy Adams Shaw, au aende Ufaransa kwenye makumbusho ya Thomas-Henry huko Cherbourg. Ila karatasi haipendi mwanga, na michoro mingi hukaa gizani. Uliza kabla ya kwenda.

Ukishapakua, usiishie kwenye simu. Simu hukuza na kupunguza mpaka unapoteza kipimo cha kitu chenyewe. Chapa ya Les Glaneuses ina takriban sentimita 19 kwa 25, na kwa hiyo inaenea kwenye karatasi ya A4. Les Bêcheurs ina takriban sentimita 24 kwa 34, nayo inahitaji A3. Nenda steshenari, waambie wakutolee kwa vipimo hivyo hasa, bila kuivuta mpaka kingo za karatasi, kwenye karatasi isiyong'aa. Ukiishika mkononi kwa ukubwa wake wa kweli utaona jinsi mtu mzima anayelima alivyoweza kukaa katika nafasi isiyozidi kiganja chako, na bado akaonekana mzito.

Soma mwili kabla ya uso

Weka Les Bêcheurs mezani. Wanaume wawili wanalima kwa mabeleshi. Funika sehemu ya juu ya picha kwa kipande cha karatasi ili vichwa visionekane, kisha jibu maswali haya kwa kuandika: Ni mguu upi unaobeba mwili? Ni wapi kifaa kinapokutana na udongo? Kama kifaa kingeondolewa ghafla, mtu huyu angeangukia upande gani? Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa. Mwili uliochorwa vibaya hauanguki popote, kwa kuwa haukuwa umeegemea chochote.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida na pia ana mtego. Faida ni kwamba anaijua kazi ya kulima katika mifupa yake. Mtego ni kwamba anaijua kwa jembe. Jembe letu huinuliwa juu na kushushwa, nguvu yake inatoka mabegani, na uzito wa chuma chenyewe humsaidia mkulima. Beleshi la Barbizon husukumwa kwa mguu kuingia ardhini, kisha udongo huinuliwa kwa mikono na kiuno, kwa hiyo nguvu inaanzia kwenye unyayo na mateso yanaishia kiunoni. Mwanafunzi asiyezingatia tofauti hii huwaona wale wanaume wawili kama wamepinda tu. Simama, shika ufagio kana kwamba ni beleshi, kanyaga, inua, kisha rudi kwenye chapa. Utaona mistari ya mgongo ikifuata njia ile ile uliyoisikia mwilini mwako.

Fanya hivyo pia kwa La Baratteuse, mwanamke anayetengeneza siagi. Wafugaji wengi kwetu husukasuka maziwa katika kibuyu, na mwendo wake ni wa kwenda mbele na kurudi. Yeye ana pipa refu jembamba la mbao lenye mti wa kupandisha na kushusha, na mwendo wake unafanana zaidi na kutwanga. Kisha nenda kwa La Cardeuse, mwanamke anayechana sufu kwa mabrashi mawili yenye meno ya waya, na ulinganishe: huyu ameketi, nguvu zote zimekaa kwenye vifundo vya mikono, na sehemu nyingine ya mwili imetulia kama kilima. Mimi huihesabu hii kuwa mojawapo ya chapa zake bora kabisa, kwa sababu ya utulivu huo mkubwa unaozunguka mikono miwili isiyotulia.

Les Glaneuses inahitaji maelezo ya ziada. Wanawake watatu wanaokota masuke yaliyodondoka baada ya wavunaji kupita. Kiswahili kina neno lake kwa kile wanachokitafuta, na wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka katika kitabu cha Ruthu: masazo. Millet naye aliijua habari hiyo vizuri, kwani kabla ya hapo alikuwa amechora picha kubwa ya mapumziko ya wavunaji ambayo jina lake linawataja Ruthu na Boazi, na picha hiyo sasa iko Boston. Katika Ufaransa ya wakati wake kuokota masazo kulikuwa ni ruhusa ya maskini baada ya mavuno kuondolewa shambani. Kwa hiyo unapotazama, tafuta umbali ulioko kati ya wanawake hawa na mavuno ya wengine. Katika picha ya rangi ya mwaka 1857 marundo makubwa ya miganda yako nyuma kabisa, yameoga mwanga, na mbele kuna mabua matupu na migongo iliyoinama. Mmoja wa wanawake amerudisha mkono mgongoni, umeshika masuke aliyokwisha kuokota, huku mkono mwingine ukienda chini kutafuta mengine. Anayejua kazi ya kuinama kutwa nzima anajua kwamba mkono ule unahifadhi masuke na pia unauegemeza mgongo. Itazame chapa, uone ni nini kati ya haya kimebaki pale rangi zinapoondoka na kuacha mistari peke yake.

Nyuso za wanawake hao hazionekani vizuri, na wanafunzi huniuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba mtu anayeokota haangalii anayemchora. Anaangalia chini.

Soma weusi

Ukimaliza mwili, geukia giza. Katika chapa iitwayo La Veillée wanawake wanashona usiku kwa mwanga wa taa, na hapo Millet alihitaji chumba kizima cha kiza kwa kutumia mistari tu. Kuza sehemu moja ya ukuta kwenye simu yako, kiasi cha ukucha, na uhesabu tabaka za mistari: kuna inayokwenda upande mmoja, kuna inayoikata, na wakati mwingine kuna tabaka la tatu. Kisha kuza sehemu iliyo karibu na taa uone jinsi tabaka zinavyopungua moja baada ya nyingine mpaka karatasi inabaki wazi. Mwanga wote katika chapa ni karatasi ambayo haikuguswa.

Usishangae ukiona nakala mbili za bamba moja zikiwa na giza tofauti. Chapa za Millet zilipigwa na Auguste Delâtre wa Paris, mchapaji aliyejulikana kwa kutoupangusa wino wote, bali kuacha utando mwembamba juu ya bamba ili kuipa picha joto na kivuli. Nakala iliyopanguswa kabisa huonekana kavu na wazi, na iliyoachiwa wino huonekana kama jioni. Tafuta nakala mbili za La Grande Bergère ya mwaka 1862, yule mchungaji msichana anayefuma huku kondoo wakiwa nyuma yake, kutoka katika majumba mawili tofauti, uzilaze pamoja. Zoezi hili moja hufundisha zaidi ya maelezo yangu yote kuhusu wino.

Katika michoro ya mkono giza hupatikana kwa njia nyingine. Millet alipenda chaki nyeusi ya Conté, iliyopata jina lake kutoka kwa Nicolas-Jacques Conté, aliyevumbua mchanganyiko wa unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi mwaka 1795. Chaki hiyo ikipita juu ya karatasi yenye mikwaruzo hushika vilele tu na kuacha mabonde meupe, ndiyo maana vivuli vyake huonekana vinapumua. Kuanzia mwaka 1865 mteja wake Émile Gavet alimwagizia pasteli nyingi sana, na hapo rangi ikaingia juu ya chaki nyeusi kidogo kidogo, kwa mistari inayokaa kandokando bila kusuguliwa ikachanganyika. Ukiona buluu ya kivuli imelala juu ya mstari mweusi ambao bado unaonekana, unatazama kipindi hicho.

Jaribu mwenyewe

Mara nyingi Millet alichora kwa kumbukumbu. Alitazama kazi ikifanyika, akarudi nyumbani, akachora. Fanya hivyo. Chagua kazi moja unayoweza kuitazama karibu nawe, kutwanga, kupepeta, kuteka maji au kupasua kuni, na umwombe ruhusa anayeifanya, kwa heshima anayostahili. Mtazame kwa dakika 20 bila kalamu wala simu. Chagua nukta moja ya mwendo, ile ambayo nguvu ni kubwa kuliko zote, na uirudie kichwani. Kwa mtwangaji ni pale mchi unapokuwa juu kabisa, kabla haujashuka. Kisha nenda ukachore, ukianza na mstari mmoja tu kutoka unyayo unaobeba mwili mpaka kwenye kifaa. Nguo, uso na mandhari vije baadaye, au visije kabisa.

Kwa kuchapa, usitumie tindikali nyumbani. Mvuke wake hudhuru mapafu na matone yake huunguza ngozi. Kuna njia ya sindano kavu inayokupa somo lile lile. Chukua pakiti tupu ya maziwa au juisi, ile ya karatasi ngumu yenye utando wa fedha ndani. Ifungue, ioshe, ikaushe, ukate kipande kisicho na mikunjo. Kwenye upande wa fedha chora kwa sindano nene iliyochomekwa kwenye kijiti, ukikandamiza kwa nguvu zaidi pale unapotaka weusi. Mistari inayokatana itakupa kivuli kama cha La Veillée. Usiisongamanishe mno, la sivyo utando utabanduka na sehemu nzima itakuwa doa.

Paka wino mzito wa kuchapishia, wenye mafuta, kwa kipande cha kadi, ukiusukuma uingie katika mikwaruzo. Wino mwepesi wa kalamu haufai kwa kuwa hutoka wote unapopangusa. Pangusa taratibu kwa kitambaa kikuukuu kwa mwendo wa duara, na mwishoni kwa kipande cha gazeti, mpaka uso ung'ae huku mistari ikiwa imebaki na wino. Uwe umeshaloweka karatasi nene na kuikausha kati ya taulo mbili mpaka iwe na unyevu bila kudondosha maji. Ilaze juu ya bamba, funika kwa kitambaa chembamba, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu, ukianzia katikati kwenda pembeni, bila kuiacha karatasi isogee. Inua pembe moja utazame. Kama mistari ni hafifu, rudisha pembe hiyo na uendelee kusugua.

Nakala ya kwanza itakukatisha tamaa, ya tatu itakuonyesha njia. Katika nakala moja acha wino kidogo juu ya uso kama Delâtre alivyofanya, na nyingine uipanguse kabisa. Andika namba na tarehe kwa penseli chini ya kila moja. Zikikauka, mpelekee yule uliyemtazama akifanya kazi na umwombe azikague, maana yeye ndiye atakayeona kwamba mchi umeshikwa juu mno au kwamba mguu wa nyuma haujakanyaga. Sikiliza, rudi kwenye bamba, ongeza mistari pale aliposema, kisha uchape tena. Wachapaji huiita hiyo awamu ya pili, na Millet naye aliyarudia mabamba yake kwa njia hiyo.